Nafasi ya Kukunja Shuka

Nyumbani, 12 Agosti

Dada,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu Baba anasikia kila kitu. Miguu imemgomea lakini masikio yamebaki ya kijana, na ukuta kati ya chumba chake na jiko ni ukuta wa jina tu. Juzi tulipomaliza kuongea aliita kutoka kitandani, "Mbona sauti ya dada yako imenenepa?" Mimi sijui sauti hunenepa vipi. Nikamwambia ni mtandao.

Leo ni miezi mitano na kitu tangu tubadilishane. Siku ile Shangazi alipoamua, ilisikika kama jambo dogo: wewe umemhudumia Baba miaka kumi na minne, mimi miaka hiyo hiyo nimekula ughaibuni, basi zamu ni zamu, nije mwaka mmoja uupumzishe mgongo. Na Msimamizi wangu akakubali uishike nafasi yangu kule kufulia, ili isije ikaandikwa jina la mtu mwingine. Nikaupigia makofi mpango wote. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi, Dada. Sasa kanda liko kichwani kwangu na shingo inauma.

Kazi yenyewe unaijua kuliko mimi. Kumwinua, kumwosha, kumpaka mafuta mgongoni asipate vidonda, kumkalisha dirishani, kumrudisha. Alipima ardhi za watu miaka thelathini na moja, na sasa hana cha kupima ila mimi. Mto umetoka nje ya mstari. Kiti kimeinama kushoto. Chai imepungua vidole viwili. Nikimwambia mzee wangu, hiki ni kikombe si kiwanja, ananitazama kama karani aliyekosea ramani.

Lakini si hilo linalonichosha. Kuna kitu nitakwambia wewe tu: nataka kurudi kule. Nataka kwa namna ambayo naona haya kuisema. Nikifungua sufuria mvuke ukanipiga usoni, nasimama tu, nakumbuka ile mashine kubwa ya kwanza asubuhi, ukifungua mlango wake na shuka zote mia mbili zinapumua. Nakumbuka ule ujia wenye mabomba ya kijani. Nakumbuka duka la mkate la pale chini. Miaka kumi na minne nimenunua mkate kwa mtu mmoja, na hakuwahi kuniuliza lolote ila kama nataka ukatwe. Hapa, siku ya pili tu tangu nifike, muuza mkate alitaka kujua nimeolewa au nimeachwa. Nilikuwa nikidhani ule ulikuwa upweke. Sasa ndio najua nilikuwa nimestarehe.

Haya, wewe uliyekataa kwenda siku zile kwa kuogopa baridi, unaionaje? Mama Pasi, mwenzangu wa kukunja, mnasikilizana? Usishindane naye kwenye shuka. Yeye ndiye anayeanza kukunja, wewe unamfuata, pembe kwa pembe.

Mdogo wako

*

Ugenini, 3 Septemba

Kitinda wangu,

Barua yako imefika na alama ya mafuta ya Baba kwenye kona. Nimeinusa kabla ya kuisoma.

Unaniuliza ninaionaje. Ninaiona kwa machozi, maana upepo wa huku una kazi moja tu, kuingia machoni mwangu. Chumba chako kina dirisha lisilofunga na ngazi themanini na mbili. Nimezihesabu kwa magoti. Jirani wa juu nadhani anafuga farasi. Mkate wao ukimpiga mtu nao unafungwa jela. Na huyo Mama Pasi wako, tangu nimfahamu sijasikia sifa hata moja. Wiki ya kwanza aliniambia nakunja shuka kama mtu anayemficha maiti. Alinirudishia arobaini nikazikunja upya, yeye kakaa kwenye kiti anakunywa kahawa.

Sasa kaona haitoshi. Kila Jumamosi ananiburuta kwenye bwawa la kuogelea la mtaa, eti mgongo wangu unataka maji. Mimi, na miaka yangu arobaini na sita, nimevaa kofia ya mpira, nimeshikwa tumbo na mwanamke wa miaka sitini, watoto wa shule wananipita kama samaki. Nimemeza maji ya mji mzima. Halafu kuna darasa la lugha, jioni tatu kwa wiki, mwalimu ni mtoto mdogo mwenye ndevu tatu, na ananipa kazi za nyumbani. Nimechoka, usione nimenyamaza.

Baba umgeuze saa nane mchana hata kama amelala. Atanung'unika, mwache anung'unike. Naacha hapa, Mama Pasi yuko chini ananipigia honi.

Dada yako

*

Nyumbani, 29 Septemba

Dada yangu maskini,

Nimekusoma nikacheka, hata Baba nikamsomea ile ya ngazi na mkate, kisha nikakaa chini nikahisi vibaya. Wewe uliyebeba mzigo wote huo nyumbani, nimekutoa nikakutupa kwenye baridi na kejeli za Mama Pasi. Mimi nilifika kule na miaka ishirini, mwili ulikuwa bado unapindika. Wewe umefika tayari umechoka.

Hapa mambo ni yale yale. Leo nimefua shuka za Baba nikazikunja peke yangu. Unajua ninavyofanya? Nabana pembe mbili kwenye mlango wa kabati, narudi nyuma, nauvuta mlango kama ndiye mwenzangu. Mlango haukunji, Dada. Nilijikuta nauambia "wewe kwanza" kwa lugha ya kule, kama tulivyozoea kuambiana na Mama Pasi, na Baba akauliza ni nani yuko ndani. Nikasema hakuna mtu. Akasema, "Huyo hakuna mtu mbona unamheshimu kuliko mimi?"

Watu wanakuja kunitazama. Wanasema umerudi nyumbani, sasa pumzika. Nawapa chai, nawashukuru. Wakiondoka najiinamia, kwa sababu hakuna ninayeweza kumwambia kwamba nimeishi nusu ya akili yangu katika lugha ambayo humu ndani hakuna anayeijua, na kwamba nusu hiyo sasa imekaa kimya tangu asubuhi mpaka asubuhi. Nikimwambia Shangazi, atasema najidai. Labda najidai kweli.

Ninahesabu, sikufichi. Imebaki miezi mitano. Tafadhali mwambie Msimamizi kwamba tarehe mosi Machi niko kwenye kile kiti changu cha tatu kutoka mlangoni. Mwambie asisahau.

Mdogo wako

*

Ugenini, 2 Novemba

Kitinda,

Nisamehe kuchelewa. Mwezi huu umenipita mbio.

Msimamizi sijapata wasaa wa kuongea naye. Mara yuko ofisini, mara ana wageni, ukimkuta ana simu sikioni. Nitamwambia. Halafu nimewaza, sisemi kwamba ndivyo iwe, ni kuwaza tu: unaonaje tukiongeza miezi mitatu? Mgongo bado haujakaa sawa, na tabibu wa huku anasema nisianze kuinua vitu vizito mapema. Baba ana kilo zake. Lakini kama ni vigumu basi, tutafuata mkataba.

Mengine ni mateso tu. Sasa wamenipa wageni wapya wawili niwafundishe kukunja, kana kwamba kazi yangu hainitoshi, na wananiita mwalimu mbele ya watu. Aibu tupu. Mama Pasi ananipigia saluti kila nikipita. Dirisha lako nimelifunga kwa misumari, na kitanda nimekihamishia ule ukuta wa pili ili jua la asubuhi linifikie, samahani, najua ulikipenda pale. Bwawani sasa nafika upande wa pili, lakini nafika nimekufa nusu.

Baba anakula?

Dada yako

*

Nyumbani, 25 Novemba

Dada,

Barua yako nimeirudia mara tatu na sasa nimekuelewa. Usidhani mimi ni mtoto.

Unateseka kule kuanzia ngazi mpaka bwawani, na bado unaomba miezi mitatu zaidi. Ya nini? Nimejiuliza mpaka nikapata jibu. Umesoma barua zangu, umeona ninavyoitamani ile nafasi, unaogopa kwamba kwa kuwa mgongo wako haufai tena kumwinua Baba, ukirudi nitajiona mkosaji kukuachia, nami nitaamua kubaki. Kwa hiyo unaona bora ukae kwenye baridi uilinde nafasi yangu hata mwaka wa pili. Ndivyo ulivyo. Tangu utoto ulikuwa unanipa mkate wako ukisema umeshiba.

Mimi safari hii sitakula. Nimemwandikia Msimamizi mwenyewe, kwa lugha yao, ukurasa mzima. Nimemwambia dada yangu amechoka, hali ya hewa haimfai, na ni mtu wa kuona haya kusema. Nimemwomba akuachie mapema, mwisho wa Januari, nami nitakuja moja kwa moja. Shangazi amekubali kukaa hapa wiki zile za katikati, na nimeshampata kijana wa zahanati atakayekuja kila asubuhi kumwinua Baba ili mgongo wako usiguswe.

Usinishukuru. Natamani tu usiku huu ulale ukijua kwamba umebakiwa na wiki chache.

Mdogo wako anayekupenda

*

Ugenini, 18 Desemba

Mdogo wangu,

Kwa nini uliandika bila kuniuliza?

Msimamizi ameniita ofisini leo. Barua yako ilikuwa mezani, na kando yake ilikuwa karatasi nyingine niliyoijua, kwa sababu amekuwa akinionyesha tangu Oktoba. Ni mkataba wa kudumu. Wenye jina langu. Alisema tangu wageni wapya waanze kujifunza kwangu hakuna shuka inayorudishwa, na kwamba anataka nibaki. Mara tatu nimemwambia anipe muda. Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia, na kila nikikaa kuandika inatoka habari ya upepo.

Akaniuliza, "Kwani huna furaha hapa?" Nikamwambia shuka zinaningoja, nikatoka.

Nina furaha, Kitinda. Haya, nimesema. Naamka asubuhi na hakuna anayeniita. Nashuka zile ngazi nikiimba. Mama Pasi ni rafiki yangu, wa kwanza niliyempata tangu Mama afariki. Nikilala naota nimebaki huku, na nikiamka nakuta ni kweli, kisha nakukumbuka wewe nasukuma sahani kando.

Msimamizi amesema sheria iko wazi. Nafasi ni yako mpaka wewe mwenyewe uandike kwa mkono wako kwamba umeiacha. Usipoandika, mkataba wangu unachanwa. Sikuombi uandike. Nakuapia sikuombi. Tulikubaliana mwaka mmoja, na mwisho wa Januari nitafunga sanduku kama ulivyopanga.

Nisamehe kwa yote niliyokuficha.

Dada yako

*

Nyumbani, 6 Januari

Dada,

Wiki nzima nimekuwa nikitafuta maneno ya adabu na sikuyapata.

Nilikulilia. Unajua hilo? Niliketi kwenye ngazi ya nyuma nikakulilia wewe na dirisha lako na baridi yako, nawe wakati huo ulikuwa unaimba kwenye ngazi zangu. Umehamisha kitanda changu. Umechukua rafiki yangu. Na wakati wote ule ulijua ninahesabu siku, kwa sababu nilikwambia, wewe peke yako duniani.

Miaka kumi na minne nimelijenga lile jina pale kufulia. Walikuwa wakiniita "yule mgeni" miaka sita kabla hawajanipa kiti. Wewe umekalia kiti kilichopashwa moto na mwingine.

Sitaandika hiyo barua. Rudi kama ulivyoapa.

Nimemwambia Baba kwamba unarudi mwisho wa mwezi. Sikumwambia zaidi, lakini masikio unayajua. Ameomba karatasi na ile kalamu yake ya kuchorea ramani.

Mdogo wako

*

Chumbani, 14 Januari

Kwa binti yangu aliye jikoni,

Usicheke kwamba nakuandikia na tumetenganishwa na ukuta. Nimejaribu kukwambia kwa mdomo siku nane. Kila ukiingia na chai nafungua kinywa, inatoka habari ya kikombe. Nimejifunza kwa dada yako kwamba katika familia hii mambo mazito hayatoki kwa mdomo. Soma ukiwa huko huko, usije kabla hujamaliza.

Nakusikia unavyolia kwa hasira. Unasema dada yako amechukua nafasi yako. Sikiliza sasa.

Barua ya kazi ilipokuja, miaka kumi na mitano iliyopita, haikuwa na jina lako. Ilikuwa na jina la dada yako. Aliiomba mwenyewe kwa siri, akasubiri miezi saba. Ilifika wiki tano baada ya kumzika mama yako. Aliniletea mkononi, anafurahi na anaona haya kwamba anafurahi katika msiba. Na mimi nikamwambia, ukienda, nani atakaa na mimi? Wewe ulikuwa na miaka ishirini, ulikuwa ukichemsha maji yanaungua. Nikamwomba abaki mwaka mmoja tu. Nikawaandikia wale watu kwamba yeye ni mgonjwa na nitamtuma mdogo. Wewe nikakwambia dada yako ameogopa baridi. Naye nikamwapisha asikuharibie safari kwa kukwambia kweli.

Ule mwaka mmoja ndio ulioumaliza ujana wake. Miguu yangu wakati ule ilikuwa mizima. Nilikuwa naweza kupika. Nilikuwa naogopa nyumba tupu, basi.

Wewe umesoma barua zake ukadhani anateseka, kwa sababu mliachana ukiwa msichana na humjui. Mimi namjua. Miaka yote aliyokaa nami hakulalamika hata siku moja, si chai, si mgongo, si mimi. Alikuwa kimya kama kisima kilichofunikwa, nami nikawaambia watu nimepata mtoto mpole. Ulipoanza kunisomea malalamiko yake ya ngazi na mkate, nilijua amepona. Ningeweza kukwambia tangu Septemba. Nilinyamaza kwa sababu ningelazimika kusema na haya.

Sikuamrishi kitu. Nimeshaamrisha vya kutosha. Ukitaka kwenda, nenda, kijana wa zahanati na Shangazi wananitosha, na kama hawanitoshi ni haki yangu. Nilitaka tu ujue mpaka ulipo kweli. Mimi ndiye niliyeupinda.

Baba yako

*

Nyumbani, 16 Januari

Dada,

Barua yangu ya tarehe sita itakufikia kabla ya hii. Kama hujaichana, ichane. Maneno ya kitanda na kiti yalinitoka nikiwa sijui nilichokalia mimi mwenyewe.

Baba amenieleza. Ameniandikia kutoka chumbani, kurasa mbili, mistari imenyooka kama ya ramani. Nilipomaliza nilikwenda nikasimama mlangoni. Hakunitazama. Akasema chai imepoa. Nikamletea nyingine. Sijamsamehe na sijui nitamsamehe lini, lakini saa nane nilimgeuza, kwa sababu saa nane ni saa nane.

Sasa nikwambie mambo mawili, maana katika nyumba hii kila mtu amemfichia mwenzake mpaka tumezeeka.

La kwanza. Kama ningejua siku ile kwamba nafasi ni yako, ningekwenda tu. Nilikuwa na miaka ishirini na nilitaka kuondoka. Usinifanye mwema.

La pili. Mpaka dakika hii bado naitaka. Jana nimekaa na karatasi tupu nikijiambia dada anastahili, ni yake tangu mwanzo, na mkono ukakataa kuandika hata tarehe. Naitaka ile asubuhi yenye mvuke. Nautaka ule mtaa ambao haunijui. Siachi kwa sababu nimechoka kuitamani, wala kwa sababu moyo wangu umekuwa mweupe, usije ukamwambia Mama Pasi hivyo. Naacha kwa sababu kila nikijiona niko kule, nakuona wewe hapa, kimya.

Kwa hiyo baki. Usifunge sanduku. Nikikuona mlangoni na sanduku nitakufungia nje, na Baba atapima umbali uliobaki mpaka kituoni. Usiniletee huruma, wala usinitumie picha za ule mji, angalau mwaka huu. Niandikie tu, na uache kulalamika kwa ajili yangu. Ukiwa na raha, sema raha.

Kesho namwandikia Msimamizi kwamba nafasi ni yako. Nitaiandika kwa lugha yao, mimi mwenyewe, bila kamusi, kabla haijaanza kunitoka.

Mdogo wako